Macho ya Chui na Jangwa Lililoingia Studio

Ndugu zangu, kati ya filamu za sayansi ya kubuni zilizotoka kabla ya *Jaws*, filamu ya papa, kuibadili biashara ya sinema mwaka 1975, ninayoiweka mbele ni *2001: A Space Odyssey* ya mwongozaji Stanley Kubrick, ya mwaka 1968. Wengi huisifia vyombo vyake vya angani. Leo tubaki mwanzoni, kwa wale masokwe-watu jangwani, mababu wa binadamu walioigizwa na watu waliovaa manyoya.

Jangwa ni la kweli, ila waigizaji hawakulikanyaga. Wapiga picha walitumwa Namibia, enzi hizo ikiitwa Afrika ya Kusini-Magharibi, wakarudi na slaidi za inchi 8 kwa 10. Waigizaji wenyewe walikuwa studioni Borehamwood, Uingereza.

Ili mandhari ya slaidi ionekane nyuma ya waigizaji, desturi ilikuwa kurusha picha kutoka nyuma ya skrini. Skrini ikiwa kubwa, picha hufifia, na katikati hung'aa kuliko pembeni. Kubrick alitaka upana wa futi 90 na kimo cha futi 40. Basi picha ikarushwa kutoka mbele.

Hapa tufuatane polepole. Kamera inatazama jukwaa. Mbele ya lenzi kuna kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu, kimeinamishwa nyuzi 45. Projekta iko ubavuni. Inarusha slaidi kwenye kioo, nacho kinaielekeza jukwaani kwa mstari uleule inaotazama kamera. Nyuma kabisa kuna kitambaa chenye shanga ndogo mno za kioo, ndugu wa reflekta za fulana za bodaboda, kinachorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Picha humwangukia mwigizaji pia, lakini manyoya hutawanya mwanga kila upande, na taa za jukwaa humeza mabaki. Kivuli chake kipo, ila kwa kamera kimefichwa na mwili wake mwenyewe.

Lenzi mbili, ya kamera na ya projekta, zikipishana kidogo tu, ukingo mweusi humzunguka mwigizaji. Ukigeuza kamera peke yake, hali ni hiyohiyo. Ndiyo maana picha nyingi za sehemu ile zimetulia tuli. Kitambaa nacho kilisumbua: kilipobandikwa kwa safu, tofauti ndogo za ung'avu zilionekana angani kama mishono. Dawa ilikuwa kukirarua vipandevipande na kuvibandika bila mpangilio. Ustadi wa kupendeza sana huu!

Na chui je, yule wa sehemu hiyohiyo ambaye macho yake yanawaka? Hakuna aliyeyapanga. Jicho la chui hurudisha mwanga kama kile kitambaa, hivyo alipoelekea kamera, mwanga wa projekta ulirudi moja kwa moja kwenye lenzi.

Tukio moja tu halikutegemea slaidi: sokwe-mtu anapoponda mifupa. Lilipigwa uwanjani karibu na studio, juu ya jukwaa lililoinuliwa, kamera ikitazama kutoka chini ili nyuma yake ibaki mbingu pekee, maana magari na mabasi yalikuwa yakipita kwa mbali.