Tarehe 1 Januari, Mji Mzima Unazaliwa

NGOIE: Jambo yenu wote mnaotusikiliza, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na nyinyi wa mbali mnaotupata kwa mega za intaneti za mwisho wa mwezi. Mimi ni Ngoie, mwalimu wa sekondari. Niko na mdogo wangu Ilunga, fundi wa simu pale soko la Kenya.

ILUNGA: Kenya ya hapa kwetu, wasikilizaji, ile komini ya Lubumbashi. Si ile ya Nairobi. Kila wiki kuna mtu ananiandikia kuniuliza nilihama lini.

NGOIE: Na mkisikia mngurumo huko nyuma, ni jenereta ya jirani. Umeme umeondoka tangu saa kumi na moja. Bon. Leo tuongee watoto na mitandao. Umri. Wenzetu Australia wamesema mpaka miaka 16, na mimi tangu nisikie habari hiyo nina wivu nao.

ILUNGA: Yaya, dada yangu mkubwa, kabla ya wivu, niwaambie watu sheria yenyewe inasema nini, maana kibandani kwangu nimesikia kila namna. Mteja mmoja aliapa kwamba huko wanafunga wazazi gerezani. Hapana. Sheria ilipita bungeni Novemba 2024, ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025. Asiyetimiza miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X, YouTube na nyingine chache. Mtoto haadhibiwi, mzazi haadhibiwi. Anayebanwa ni kampuni. Isipochukua hatua za kutosha kuwazuia watoto, faini inaweza kufika dola za Australia milioni 49.5.

NGOIE: Na akaunti zilifungwa kweli?

ILUNGA: Zilifungwa. Januari 2026 msimamizi wao wa usalama wa mtandaoni alitangaza akaunti kama milioni 4.7. Sasa hesabu hiyo ni ya akaunti, si ya watoto. Mtoto mmoja anaweza kuwa na tano. Mimi mwenyewe nina tatu, na moja sikumbuki neno lake la siri.

NGOIE: Mimi kitu kilichonishangaza ni ile 13. Wanafunzi wangu wote wanaijua. Unamuuliza mtoto wa miaka 11, anakwambia "Madamu, kwa Facebook ni 13", kama anavyokutajia jedwali la kuzidisha. Nikadhani kuna daktari aliyekaa akapima, akaona ubongo wa mtoto uko tayari akifika 13. Kumbe hakuna. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyokataza kampuni kukusanya habari za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi. 1998! Facebook ilikuwa bado haijazaliwa. Kampuni zikaona ni rahisi zaidi kuandika "hatupokei wa chini ya 13" kuliko kuwatafuta wazazi. Basi namba ya wanasheria ikasafiri mpaka hapa kwetu komini ya Katuba, ikawa kama amri ya Musa.

ILUNGA: Na Ulaya sheria yao ya data ya 2018 iliweka 16, lakini ikaacha kila nchi ishuke ikitaka, mwisho 13. Denmark sasa wanakwenda 15. Kila mtu na namba yake.

NGOIE: Sasa wewe, fundi. Sema ukweli mbele ya watu. Mtoto akija kibandani kwako...

ILUNGA: [anacheka] Unaniweka mahakamani.

NGOIE: Nakuweka kwenye maikrofoni.

ILUNGA: Bon. Iko hivi. Watu wengi mjini hawajifungulii akaunti. Wanakuja kwa fundi. Mama amenunua simu ya kwanza, ananiambia "nifungulie Facebook", ananipa faranga 1000. Ninaandika jina, ninaandika namba, namba ya kuthibitisha inaingia kwa mesaji, naiweka. Halafu programu inauliza tarehe ya kuzaliwa. Nyuma ya huyo mama kuna watu wanne, mmoja simu yake imeanguka kwenye maji ya bukari, ugali wetu, analia. Sina wakati wa kumuuliza mama umri, na wengine ukiwauliza wanakasirika. Basi siku na mwezi naweka Januari 1, na mwaka nasukuma kwa kidole, ile orodha inashuka, inashuka... inasimama 1990. Kila mtu, 1990.

NGOIE: Kila mtu?

ILUNGA: Babu mwenye mvi, 1990. Mtoto aliyetumwa akiwa na yunifomu ya shule, 1990. Na si mimi peke yangu, yaya, mafundi wote wa pale. Tarehe 1 Januari fungua Facebook uone, mji mzima unazaliwa.

NGOIE: Ilunga, hata mimi watu wananitakia heri kila tarehe 1 Januari. Nilidhani ni Bonane, heri za Mwaka Mpya!

ILUNGA: Tutarudi kwako.

NGOIE: Acha kwanza nieleze kitu, kwa sababu umenigusa mahali. Nina msichana darasani, jina naficha, shule naficha, miaka 14. Mtoto wa mstari wa mbele. Msimu wa vumbi nikaanza kumwona anachelewa. Siku ya kwanza sikusema kitu. Siku ya tatu nikaangalia miguu yake. Soksi nyeupe, lakini kuanzia kifundo mpaka karibu na goti ni nyekundu kabisa, vumbi la barabara. Huyu mtoto nyumbani anapewa pesa ya teksi, najua, mama yake tunaongea. Kwa hiyo anatembea kwa miguu. Pesa inakwenda wapi? Saa ya mapumziko wenzake wananunua vitumbura, yeye anakaa.

ILUNGA: Ana deni.

NGOIE: Ndilo nililofikiri, deni la watoto. Ilichukua wiki kuniambia. Kuna "dada" alimwandikia Instagram, anauza magauni ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, picha nzuri, maneno matamu. Walichati mwezi mzima. "Nitumie picha nijue saizi yako." Halafu picha nyingine. Halafu yule dada akawa si dada. "Tuma dola 20 kwa namba hii, la sivyo papa yako ataziona." Mtoto alikuwa anaweka pesa ya teksi kidogo kidogo, siku kwa siku, alipe dola 20. Akimaliza, yule mtu angeomba nyingine, wewe unajua.

ILUNGA: Hawaachi kamwe.

NGOIE: Tulikaa na mama yake, tukazuia ile akaunti, tukaripoti, tukahifadhi mesaji zote kwanza. Lakini nilipofungua mipangilio ya akaunti ya mtoto ndipo nilipochoka. Tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari 1990.

ILUNGA: ...

NGOIE: Wasikilizaji, amenyamaza.

ILUNGA: Ilikuwa kibanda changu?

NGOIE: Nilimuuliza. Alisema tu, "kwa fundi, pale sokoni." Sikutafuta zaidi. Lakini tangu 2024 Instagram imeanza kuweka akaunti za vijana, nchi baada ya nchi: akaunti inakuwa ya faragha yenyewe, mtu ambaye hamjuani hawezi kuja kukuandikia hivi hivi. Hayo yote mashine inampa yule anayesema ana miaka 14. Huyu wangu machoni pa mashine alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Ikamwacha wazi kama ilivyomwacha mwanamke yeyote. Huo uongo wa 1990 mnafikiri unamfungulia tu mlango wa kuingia. Unamvua pia nguo za mtoto.

ILUNGA: Sikuwahi kuifikiria hivyo. Kweli. Mimi nilikuwa naona ni karatasi ya serikali tu, unajaza ili upite. Lakini ngoja, sasa wewe unataka 16. Leo mlango ni 13, wa miaka 14 angeweza kusema ukweli akaingia, akapata huo ulinzi. Ukiweka 16, wa miaka 14 lazima adanganye. Na akidanganya hataandika 16, anajua 16 watamchunguza. Atarukia 1990 kwa fundi. Kwa hiyo ukipandisha umri unawasukuma wote waliobaki waende kwenye 1990.

NGOIE: Ndiyo maana sheria ya Australia haikubali kampuni iseme "yeye ndiye aliyeandika." Lazima ipime yenyewe.

ILUNGA: Inapima na nini? Uso? Mwaka 2024 ile taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilijaribu programu sita zinazokisia umri kwa picha ya uso. Karibu mara zote makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa nyuso za wanawake. Na matokeo yalibadilika kufuatana na mahali mtu alipozaliwa. Sasa chukua wasichana wa darasa lako, siku ya sikukuu, wamesuka, wamepaka wanja, taa ya simu usiku. Mashine itasema nini?

NGOIE: Itasema ni wake za watu.

ILUNGA: Basi wataomba karatasi. Huko Australia kampuni hairuhusiwi kukulazimisha kwa kitambulisho cha serikali peke yake, lazima ikupe njia nyingine. Hapa kwetu karatasi ipi? Sisi tunatembea na karte ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu, na hiyo ni ya watu wazima. Pasipoti, wangapi wanayo? Cheti cha kuzaliwa, sheria inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto, lakini wewe unaona mwenyewe shuleni.

NGOIE: Naona. Mwanzo wa mwaka naomba vyeti, wanaleta karte ya ubatizo, karte ya chanjo, wengine wanaleta bibi aje aape. Na vile vyeti vingine vinavyofika bado vina joto la printa. Nina mvulana mmoja, mchezaji mzuri sana, mguu wa kushoto. Kwenye daftari langu ana miaka 15. Kwenye timu yake ya watoto ana 13. Na Facebook, sasa nimejua kwa nini, ana miaka yako ile ya 1990.

ILUNGA: Kwa mpira wanapunguza, kwa Facebook wanaongeza. Ukijumlisha ukagawanya kwa tatu labda utapata ukweli.

NGOIE: [anacheka] Usinichekeshe, hilo ni jambo la kulia. Ila bado nataka hiyo 16, na nitakwambia kwa nini. Mzazi anakuja kwangu: "Madamu, nimnyime simu? Wenzake wote wanayo." Sina cha kumshikisha. Tuna sheria ya 2009 inayosema aliye chini ya 18 ni mtoto. Tuna Kodi ya Numeriki, yaani kitabu cha sheria za mambo ya kidijitali, ya Machi 2023. Lakini mama wa Katuba anahitaji neno moja la kumwambia binti yake saa mbili usiku: "Sheria imekataza, si mimi." Watoto wakijua wenzao wote hawana, ugomvi unapungua. Ukiwa peke yako na TikTok huna, wewe ni masikini. Msipokuwa nayo wote, ni maisha tu.

ILUNGA: Hapo nakuelewa. Ninachoogopa ni njia sheria itakayopita. Huko inamfuata tajiri. Ikifika hapa haitapanda ndege kwenda California kwenye kampuni. Itatembea kwa miguu mpaka kibandani kwangu, saa nne asubuhi, watu wawili na daftari: "Wewe ndiye unayefungulia watoto akaunti?" Nikisema hapana, wanaomba pesa ya maji. Nikisema ndiyo, wanaomba pesa ya maji na simu za wateja.

NGOIE: Na WhatsApp je? Kule wameiacha nje, wanasema ni ya kutumiana ujumbe. Hapa kwetu kila kitu kiko WhatsApp. Duka liko kwenye status, kanisa liko kwenye grupu, video za kupigana zinapita humo kabla ya TikTok. Na mimi niliye hapa kuhubiri, kazi ya nyumbani ya hisabati naituma kwenye grupu la darasa saa mbili usiku. Mtoto akikosa simu ananiambia hakuona kazi, na ana haki.

ILUNGA: Andika ubaoni.

NGOIE: Nimerudi kuandika ubaoni. Tangu mwezi uliopita. Chaki inanikausha vidole, lakini naandika. Na wewe umebadilisha nini?

ILUNGA: Mimi? Tangu dakika kumi zilizopita. Nitauliza mwaka. Mtoto akija na yunifomu nitaweka mwaka wake wa kweli au aende na mama yake arudi naye. Nitapoteza wateja, jirani yangu atawachukua kwa faranga 800.

NGOIE: Na mwaka wangu? Wewe ndiye uliyenifungulia.

ILUNGA: Lete simu. Tarehe wanakuruhusu kuibadilisha mara chache tu, kwa hiyo tusikosee. Haya, mipangilio... habari binafsi... siku?

NGOIE: Tarehe 9, Agosti.

ILUNGA: Tisa, Agosti. Mwaka?

NGOIE: Zima kwanza maikrofoni.

ILUNGA: Yaya, tuliongea juu ya ukweli saa nzima.

NGOIE: Juu ya watoto, Ilunga. Zima.