Nani Atakupokea Kliniki?

Dada mmoja kanishika mkono pale mlangoni, hata koti sijavua, akaniuliza: "Hiyo FNP yako ndiyo udaktari nusu?" Nikamwambia angoje, nitamjibu mbele ya watu, maana najua hayuko peke yake.

Basi dada, jibu lako ni hili. Kule nyumbani, aliyekupima malaria, akakuandikia dawa, akakushona kidole ulipojikata na panga, mara nyingi hakuwa daktari. Wakenya tunamwita klinikal ofisa, Watanzania wanamwita tabibu. Hukuwahi kumwita nusu ya mtu. Muuguzi tabibu wa familia hapa Marekani, ndiye huyo FNP, anafanya kazi inayokaribiana sana na ile: anampima mgonjwa, anaagiza vipimo, anaamua ugonjwa ni upi, anaandika dawa. Wanachotofautiana ni mlango walioingilia. Yule wa nyumbani ameanza na utabibu moja kwa moja; huyu wa hapa sharti awe muuguzi kwanza, halafu arudi darasani.

Kazi hii haina miaka mingi. Ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanza kuwafundisha wauguzi kuwahudumia watoto waliokuwa mbali na madaktari. Bi Ford amefariki Januari 2025 akiwa na miaka 104. Yeye alianza na watoto. Sisi wa familia tunachukua wote, kuanzia kichanga mpaka bibi kizee, na ndiyo maana masomo yetu yana usumbufu wake, nitaufikia.

Ngazi ya kutoka CNA, msaidizi wa muuguzi, hadi RN, muuguzi mwenye leseni, mnaijua, wengine mmeipanda mkiwa na mtoto mgongoni. Nitaanzia juu yake: shahada ya kwanza ya uuguzi mkononi, leseni ya RN, kisha uzamili wa miaka miwili hadi mitatu, zaidi kama unasoma huku unafanya kazi. Kuna uvumi kwamba bila uzamivu hupati leseni. Umetokana na jambo la kweli: mwaka 2004 umoja wa vyuo vya uuguzi vya Marekani ulipendekeza kwamba ifikapo 2015 kila mmoja wetu awe na shahada ya uzamivu wa vitendo, ile DNP. 2015 ikaja, ikapita, na uzamili bado unakubalika. Ukitaka DNP, soma. Usisukumwe na mtu anayekuuzia karo.

Darasani kuna masomo matatu yanayobeba mengine yote: patofiziolojia, yaani ugonjwa unavyouvuruga mwili, famakolojia, yaani elimu ya dawa, na upimaji wa mwili. Magumu, ndiyo. Lakini sijaona muuguzi wa kwetu aliyeshindwa kukariri. Sisi kukariri tumezaliwa nako. Tunapokwama ni kwingine, na nitawasimulia siku yangu ya kwanza kliniki.

Aliingia mzee mmoja, kikohozi kikavu, miezi miwili. Nikamhoji vizuri, nikampima, nikatoka kwenda kwa msimamizi wangu nikamwaga yote: presha kadhaa, joto kadhaa, mapafu safi, homa hana, uzito haujapungua. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Vizuri. Sasa ana nini?" Nikarudia vipimo. Akaniambia, "Hivyo nimevisikia. Nakuuliza wewe, ana nini?"

Jamani, nilinyamaza. Miaka tisa nilikuwa muuguzi, na kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuona, kuandika, kumpigia simu daktari. Anayesema "ana hiki" alikuwa mtu mwingine. Mwishowe nikachomoa cha nyumbani: kikohozi kimepita wiki mbili, TB. Hakunicheka. Akasema TB tuiweke kwenye orodha, kisha akauliza, "Anatumia dawa gani?" Nikafungua faili. Lisinopril, ya presha, ameanza miezi mitatu iliyopita. Famakolojia nilikuwa nimefaulu, na swali la kikohozi kinacholetwa na dawa hizo nililijibu sawasawa kwenye mtihani! Lakini mtihani ulinionyesha dawa kwanza. Kliniki ilinionyesha mzee anayekohoa. Tukambadilishia dawa, na baada ya wiki chache kikohozi kikaisha.

Hicho hakifundishwi kwa kompyuta usiku wa manane. Kinahitaji mtu wa kukaa nawe, akuulize "ana nini?" mgonjwa baada ya mgonjwa. Kwa hiyo vigezo vya kitaifa vilivyotolewa 2022 vinataka mwanafunzi asipungukiwe na saa 750 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi; zamani zilikuwa 500. Pigeni hesabu. Siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, ni wiki 47. Karibu mwaka mzima, bila mshahara, na zamu zako za usiku bado zinakungoja. Tena kwa kuwa ni ya familia, saa hizo huzimalizi na wazee wa presha na sukari peke yao. Sharti uone watoto, uone wanawake wajawazito na wasio wajawazito.

Na huyo msimamizi, nani anakutafutia? Hapa ndipo watu wetu wanapoliwa.

Chuo nilichosoma mimi, na sitakitaja, kilinipokea kwa siku nne. Barua nzuri, hongera nyingi. Ulipofika muhula wa kliniki nikatumiwa fomu tupu: jaza jina la msimamizi wako. Nilipiga simu kliniki thelathini na kitu. Wa watoto sikumpata kabisa, nikakaa muhula mzima nje nikilipa ada ya kushikilia nafasi. Mwenzangu alimlipa wakala maelfu ya dola atafutiwe. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza karo, uliza: nafasi ya kliniki mnanitafutia nyinyi au najitafutia? Jibu likiwa "tutakusaidia", omba waliandike.

Uliza pia kama chuo kinaruhusiwa kuwaweka wanafunzi kliniki katika jimbo unaloishi. Kusoma kwa mtandao kunakudanganya kwamba mpaka haupo. Upo. Hapa Massachusetts, sheria iliyotiwa saini Januari 2021 inaturuhusu kuandika dawa bila kusimamiwa na daktari, baada ya miaka miwili ya kusimamiwa. Vuka kidogo tu uingie New Hampshire, sheria ni nyingine. Nenda Texas, unahitaji mkataba na daktari mpaka ustaafu.

Mtihani wa mwisho sitaukalia. Bodi za kutahini ziko mbili, unachagua moja; moja ina maswali 150, nyingine 175. Kuhusu pesa, wale waliotegemea Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa masomo ya juu ya shahada ya kwanza: sheria ya Julai 2025 imeuondoa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa hiyo usipige bajeti ya binamu yako aliyesoma zamani. Na wewe unayependa ICU, unayesomea FNP kwa sababu rafiki yako kaisomea, simama kwanza. Hii ni kazi ya kliniki. Wagonjwa mahututi wana njia yao, na kubadilisha baadaye ni kurudi shule tena.

Mimi sasa napokea mwanafunzi mmoja kila muhula, bila malipo. Wa muhula ujao nimeshampata. Nafasi ya mwezi wa tano bado iko wazi, lakini uje na barua ya chuo mkononi. Nitakuwa pale kwenye meza ya chai.