Uendeshaji wa Utafiti Unahitaji Kada Yake

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, watafiti, na nyinyi watumishi wa vyuo na taasisi za Unguja na Pemba mliofika hapa Chake Chake: Assalaamu alaykum.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwapata, kuwafunza na kuwabakisha watumishi wanaoendesha utafiti katika vyuo vikuu vyetu. Nitaanza na jambo lililotokea kisiwani humu, ambalo wengi wenu mnalijua kwa upande wa tiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanyika hapa Pemba utafiti wa kuwapa watoto wachanga na wadogo, wasiozidi umri wa miezi 35, madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ili kujua iwapo vingepunguza maradhi na vifo katika sehemu yenye malaria nyingi. Watoto 24,076 waliingia katika uchambuzi. Mwezi Agosti 2003 makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa kwa ushauri wa bodi huru ya usalama, kwa kuwa takwimu zilionesha kwamba watoto hao walikuwa wakilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likarekebisha ushauri wake kuhusu chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria.

Sifa zilikwenda kwa wanasayansi, nao walizistahiki. Hata hivyo, bodi ya namna hiyo haiwezi kuona kisicholetwa mbele yake. Katika utafiti wowote wa aina hii lazima awepo mtu wa kuhakikisha kwamba kila anayelazwa ameandikwa kwa wakati, kwamba fomu zimetoka vijijini na kufika zinapoingizwa takwimu, kwamba hati za ridhaa zimehifadhiwa, na kwamba mkataba na mfadhili unaeleza wazi ni nani mwenye mamlaka ya kusema kazi isimame. Pakikosekana mtu huyo, hatari inaweza kuwapo kwenye makaratasi kwa miezi kadhaa bila kufika kwa anayepaswa kuijua.

Kazi ya mtu huyo huanza kabla ya fedha kupatikana. Hutafuta matangazo ya ruzuku, husoma masharti hadi maandishi madogo ya mwisho, hupanga bajeti inayolingana na viwango vya posho vya chuo, na huombea kibali cha maadili pamoja na kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ambacho ni mbali na kile kinachotolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa upande wa Bara. Ruzuku ikishaingia, huja mikataba midogo na washirika, ununuzi wa vifaa, makubaliano ya kusafirisha sampuli nje ya nchi, ripoti za fedha kwa sarafu zaidi ya moja, na hatimaye wakaguzi. Mtafiti akifika shehiani hubisha hodi kwa sheha akiwa na barua mkononi. Barua ile ina mtu aliyeihangaikia, na huyo nadra kumkuta hata katika shukrani za makala.

Kwetu, kazi hii kwa kawaida hufanywa na mmoja kati ya watu wawili. Wa kwanza ni mhadhiri aliyepewa cheo cha uratibu juu ya vipindi vyake vya kusomesha, ambaye huifanya usiku. Wa pili ni mhasibu aliyezoea fungu la Serikali, ambaye ghafla anatakiwa aripoti kwa kanuni za mfadhili wa Ulaya. Hakuna kati yao aliyekosea. Wamewekwa mahali pasipo pao. Chukulieni utafiti wa mwani kule Jambiani au Paje. Mfadhili hakubali posho ya washiriki isiyo na stakabadhi, na chuo hakitoi masurufu mapya, yaani fedha za kazi anazotangulizwa mtumishi, kabla ya yale ya awali kurejeshwa. Mtafiti akibaki baina ya kanuni hizi mbili bila mtu anayezijua zote, kaskazi itakwisha na sampuli za kaskazi hazijachukuliwa, na mradi utasubiri mwaka mzima kwa ajili ya karatasi mbili.

Kwa hiyo naona mafunzo, ambayo ndiyo jawabu la haraka tunalolizoea, hayawezi kutangulia. Tumewapeleka watu kwenye warsha, wakarudi na vyeti, kisha wakahamishiwa masjala au idara ya mapato, kwa sababu katika muundo wa utumishi nafasi yao haimo. Mwengine huajiriwa kwa fedha za mradi, na mradi ukifungwa huondoka na kumbukumbu zote kichwani. Kinachotakiwa kwanza ni kada: ofisa uendeshaji wa utafiti aliyemo katika ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, mwenye daraja la kuanzia, daraja la kupanda, na mshahara usiotegemea mfadhili yupi kaja mwaka huu.

Mtauliza fedha zitoke wapi. Suala hili ni la haki, na nitalikalia kidogo. Wafadhili wengi hulipa sehemu ya gharama za jumla za taasisi, yaani umeme, ofisi, uhasibu na watumishi ninaowasema. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya, wa 2021 hadi 2027, hulipa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yaani NIH, kwa muda mrefu zimekuwa zikiwapa walioko nje ya nchi hiyo asilimia 8. Kwa mradi wenye gharama za moja kwa moja za dola 200,000, tofauti ni baina ya dola 50,000 na 16,000, na mzigo wa taarifa, mikataba na ukaguzi haupungui kwa kiasi hicho. Lakini hata hizo 16,000 sisi wenyewe huziachia. Nimeona bajeti ambamo mtafiti ameiacha sehemu hiyo wazi akidhani kwamba andiko lake litapendeza zaidi likiwa rahisi, na nyengine ambazo fedha hiyo ilipofika ilimezwa katika matumizi ya kawaida ya chuo. Mabaraza ya vyuo yanaweza kupitisha kanuni kwamba sehemu maalumu ya fedha hii iendeshe ofisi ya utafiti tu.

Tukishakuwa na kada, walimu wa kuifunza hawapo mbali. Jumuiya ya waendeshaji wa utafiti ya kusini mwa Afrika, SARIMA, ipo tangu 2002, na imeandaa mfumo wa umahiri unaoeleza nini ajue anayeanza na nini ajue kiongozi wa ofisi. Wamarekani walianzisha yao, NCURA, mwaka 1959. Hatuna haja ya kutunga mtaala kutoka sifuri.

Lipo jambo la visiwa vyetu peke yake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa Sheria Nambari 8 ya 1999, kimepokea ndani yake vyuo vya afya, utalii na fedha vilivyokuwa na taratibu zao, na kina kampasi huku Pemba. Jirani yake Tunguu kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar, na Chukwani kipo Chuo Kikuu cha Sumait. Kila kimoja kikitaka mwanasheria wake wa mikataba ya utafiti, hakuna atakayempata. Napendekeza wataalamu wachache wa mikataba na ukaguzi watumiwe na vyuo vyote kwa makubaliano ya kuchangia, na kila kampasi ibaki na ofisa wake wa kila siku. Pemba awepo ofisa mwenye idhini ya kusaini hapa hapa, kwa sababu haifai maabara ya Wawi au mwalimu wa Mchangamdogo asubiri saini inayokuja kwa boti.

Maombi ya ikama hupelekwa kabla ya bajeti ya Serikali kusomwa. Ningependa wakuu wa vyuo waliopo hapa wakubaliane leo, kabla ya kuondoka, ni nani atakayeandika rasimu ya muundo huo wa utumishi na atauwasilisha lini.