Risiti Zako Kuwa JSON: Mfano wa Duka la Vifaa, Langoni

Assalaam aleikum. Leo tunatoa risiti kwenye hifadhidata ya programu ya mauzo na kuzigeuza JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani, ili mfumo wa mhasibu uzisome. Natumia PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Mfano wetu ni duka la vifaa hapa Langoni, Lamu.

Fungua jedwali la risiti. Fundi wa mashua kutoka Matondoni kanunua boriti, misumari na pamba ya kalafati, jumla shilingi 18,500. Bidhaa zenyewe zimo katika jedwali la pili.

Sasa tazama hapa kwa makini. Ukiunganisha majedwali haya kwa JOIN peke yake, risiti moja inatoka mistari mitatu, na kila mstari umebeba 18,500. Anayepokea akijumlisha anapata 55,500! Yalinifika haya: mhasibu alinipigia akauliza mbona mauzo ya wiki yamezidi pesa zilizopokewa. Sikulala vizuri usiku ule.

Dawa yake ni kuziweka bidhaa ndani ya risiti yao. Andika pamoja nami:

SELECT json_build_object(
'namba', r.namba, 'tarehe', r.tarehe,
'simu', r.simu, 'jumla', r.jumla,
'bidhaa', json_agg(json_build_object(
'jina', b.jina, 'idadi', b.idadi)))
FROM risiti r JOIN bidhaa b ON b.risiti = r.namba
GROUP BY r.namba, r.tarehe, r.simu, r.jumla;

json_build_object hutengeneza kitu kimoja chenye majina na thamani zake. json_agg hukusanya bidhaa zote kwenye mabano ya mraba. Endesha amri: risiti moja, jumla moja, bidhaa tatu ndani yake. Hivyo ndivyo!

Tarehe usiihangaikie, itatoka kwa mpango wa mwaka, mwezi, siku. Simu ndiyo ya kuangalia. Safu yake ikiwa ya namba, sufuri ya mwanzo imeshapotea kabla hujafika kwenye JSON, kwa hiyo ihifadhiwe kama maandishi tangu mteja anapoandikishwa. Nawaomba sana wenye maduka, rekebisheni hilo mapema.

Mwisho, hifadhi amri katika faili la risiti.sql, kisha kwenye dirisha la amri, ukitaja na jina la hifadhidata yako badala ya "duka", andika:

psql -At -d duka -f risiti.sql -o risiti.json

Usiisahau hiyo -At. Bila yake, vichwa vya safu na vistari vya jedwali vitaingia ndani ya faili, na mfumo wa mhasibu utalikataa.