Kichwa cha treni chenye meno, mezani kwangu

Haya, mambo vipi wapendwa, na wakubwa wote shikamooni. Leo sipo mlimani wala mjini, niko jikoni kwangu hapa Uswisi. Msishangae hilo behewa kando ya chupa ya mafuta, meza nyingine sina.

Oneni hiki. Ngoja kamera ishike... eeh, hapo. Ni modeli ya kichwa cha treni ya umeme, aina ya He 2/2, cha reli ya mlima ya Schynige Platte. Nimekipata duka la mitumba (ndiyo, mitumba ipo hata huku), kikiwa na vumbi la miaka na kioo kimoja cha dereva hakipo. Skeli yake ni 1 kwa 22.5, yaani treni halisi ni kubwa mara 22.5 kuliko hii.

Sasa, nilimpigia mjomba Tabora kwa video. Mjomba kazeekea relini, treni humdanganyi. Nikamwonyesha picha ya treni yenyewe ikipanda, akakunja uso: "Mbona kichwa kiko nyuma? Kinasukuma mabehewa kama mkokoteni wa viazi?" Mimi kimya, jibu sikuwa nalo. Kwa hiyo mjomba, hii video ni yako.

Nakipindua. Hapa tumboni, unaliona? Gurudumu la meno. Kwenye kichwa halisi, magurudumu ya kawaida yanabeba uzito tu, anayepanda ni huyu wa meno. Katikati ya reli mbili kuna chuma kama ngazi iliyolazwa chini, na meno yanaingia kati ya vipago vyake kimoja kimoja. SGR yetu ya umeme inategemea chuma kushikana na chuma, basi. Huko Schynige Platte kuna sehemu ambapo kila mita 100 unapanda 25. Magurudumu matupu yangezunguka palepale.

Reli yenyewe inaanzia kijiji cha Wilderswil, hapa Uswisi, mita 584 juu ya usawa wa bahari, mpaka kituo cha juu, mita 1,967. Kilomita saba na kitu, na safari inakula kama dakika 50, polepole mno. Ilifunguliwa 1893 kwa mvuke, umeme ukaja 1914, volti 1,500 kwa waya wa juu. Hapa kwangu umeme unapita kwenye reli.

Halafu kuna kaudanganyifu kadogo. Naweka rula: kati ya reli na reli, milimita 45. Reli halisi ni milimita 800. Gawanya kwa 22.5, hata 36 haifiki. Yaani modeli ina miguu mipana kuliko mwenyewe! Wanafanya hivyo ili ipite kwenye reli za modeli nyingine. Mimi nimesamehe.

Turudi kwa swali la mjomba. Jumapili nilichukua ubao wa mita 1.20, upande mmoja nikaupandisha sentimita 30 kwa vitabu na ndoo, mwinuko uleule. Nikapanga kama mjomba anavyotaka: kichwa mbele, behewa nyuma. Kikapanda vizuri, grr grr grr, kufika katikati ndoano ikaachia. Behewa halina meno, jamani. Lilishuka kama jiwe mpaka kwenye sufuria ya maharage. Na Jumapili huku hata msumari hupigilii, jirani wa chini akagonga dari papo hapo.

Sasa angalieni nikiweka kichwa upande wa chini. Ndoano naiondoa kabisa, makusudi. Unaona? Behewa limeegemea tu. Hata likitaka kurudi, linakuta kichwa kimeuma ngazi kwa meno, na breki ziko hukohuko kwenye meno. Ndiyo maana kinasukuma. Kikikaa mbele, roho za watu zinaning'inia kwenye ndoano.

Nilimrudia mjomba na majibu. Akasikiliza, akakohoa, akaniuliza: "Na theluji ikianguka?" Nikamwambia hapo wanafunga. Treni inatembea msimu wa joto tu, na sehemu za juu waya za umeme zinashushwa kabla ya baridi, maporomoko ya theluji yasizikate, kisha zinatundikwa upya.

Mjomba akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Kumbe na Wazungu wana reli ya kulala miezi!"

Haya, nikaoshe hilo behewa, bado linanuka nazi.