Utangulizi wa Insha Huanzia Katikati

Walimu wenzangu, nanyi wanangu wa kidato cha nne, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie utangulizi wa insha, na naomba nianze kwa kuwasomea mmoja. Nimeuunda kwa vipande ambavyo kila msahihishaji aliye hapa atavitambua:

“Ilikuwa Jumatatu asubuhi na mapema. Majogoo waliwika, nyuni wakaimba matawini, na jua likachomoza mashariki likimwaga miale yake ya dhahabu...”

Hii ni insha ya nini? Huyu anasema ajali. Kule nyuma nasikia harusi. Binti aliye karibu na dirisha anasema ziara ya shule. Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo linalonisumbua: maneno yanayoweza kutangulia jambo lolote hayajatangulia lolote.

Hebu tupige hesabu. Karatasi ya insha ya Kiswahili, namba 102/1, katika KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari hapa Kenya, inawapa dakika 105 kwa insha mbili, yaani ile ya lazima na moja ya kuchagua kati ya tatu. Kila insha ina alama 20 na isipungue maneno 400. Ukiwapa jogoo na jua maneno 150, zaidi ya theluthi ya maneno hayo imekwenda kabla mtu yeyote hajafanya jambo. Nimesahihisha insha ambazo ajali yenyewe ilitokea mistari mitatu kabla ya mwisho, tena kwa Kiswahili cha kupendeza. Zilinihuzunisha, maana mwenye lugha ile alistahili alama nzuri kuliko alizopata.

Alichokosa ni kujua, kabla ya kushika kalamu, mwili wa insha yake utakaaje. Ndiyo maana nasema utangulizi huanzia katikati. Panga hoja au matukio kwanza, hata kwa maneno machache pembeni mwa karatasi, kisha jiulize msomaji ashikwe mkono vipi ili aingie humo.

Tuchukue jambo moja, simu ya mkononi, tulipitishe kwenye insha za aina mbalimbali.

Swali la mjadala: “Simu ina madhara mengi kuliko manufaa kwa mwanafunzi. Jadili.” Mwili utakuwa na pande mbili na msimamo wako utakuja baadaye. Basi kazi ya utangulizi ni kuonyesha kwamba ubishi huu ni wa kweli. “Mzazi humnunulia mwanawe simu ili apate maswali ya marudio, mwalimu humpokonya simu hiyo hiyo ili asome.” Sentensi moja, na mizani imeshawekwa. Anayeanza kwa kuilaani simu ameshahukumu kabla shahidi hajasimama, na akifika upande wa manufaa atalazimika kujipinga.

Sasa methali: “Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.” Hapa wengi hutumia nusu ukurasa kufasiri methali. Msahihishaji anaijua. Anachotafuta ni kisa kinachobeba pande zote mbili, kuchelea na kulia. Anza hivi: “Baba alikataa mara mbili. Jioni ya tatu, Zawadi aliposusia chakula, alivaa viatu akaenda dukani kununua simu.” Kuchelea kumeshaanza, na sisi wasomaji tumeshaanza kumwonea baba huruma.

Hotuba sitakaa nayo sana: salamu kwa mpangilio wa heshima, kisha lengo la kusimama kwako, basi. Nayo insha ya kumalizia kwa maneno uliyopewa, soma maneno hayo kwanza, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka upate pa kuanzia.

Ninapotaka kukaa ni kwenye ulinganishi, kwa sababu hapo ndipo mpangilio unapowashinda hata wanafunzi hodari. “Linganisha kusoma kwa simu na kusoma kwa kitabu.” Kuna njia mbili. Unaweza kumaliza simu yote, ndipo uje kwenye kitabu. Njia hii ni nyepesi kwa mwandishi na nzito kwa msomaji: akifika kwenye gharama za kitabu, ameshasahau ulichosema kuhusu gharama za simu. Mara nyingi napokea insha mbili fupi zilizobandikwa pamoja, na ulinganishi siuoni.

Njia ya pili ni kwenda kigezo kwa kigezo. Chukua gharama, weka simu na kitabu ubavu kwa ubavu, amua. Nenda kwenye utulivu wa akili, fanya vivyo hivyo. Mimi naipendelea hii karibu kila mara. Ile ya kwanza naikubali pale kimoja kati ya vitu viwili kinapokuwa kigeni kwa msomaji, kikahitaji kuelezwa chote kabla ya kupimwa.

Tazameni sasa utangulizi unavyobadilika. Ukichagua njia ya kwanza, taja vigezo mapema, ili msomaji avibebe safari nzima. Ukichagua ya pili, unaweza kuingia moja kwa moja kupitia kigezo kimoja chenye uzito: “Stima ikipotea saa mbili usiku, mwenye kitabu huwasha koroboi, mwenye simu huhesabu chaji iliyobaki.” Swali ni lile lile, mlango ni mwingine.

Na msidhani haya ni mambo ya mtihani tu. Mwana Kupona, yule mshairi wa kale wa pwani yetu, alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alianza kwa kumwita binti yake asogee. Katika beti chache tu tumeshajua kwamba anayesema ni mama, kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kwamba ana wosia, na kwamba anataka wino na karatasi. Utenzi wenyewe ni nasaha, na nasaha huhitaji sikio lililo tayari. Mama yule alilitayarisha sikio kwanza. Hakupoteza ubeti.

Sasa toeni karatasi. Swali ni hili: linganisheni maisha ya shule ya bweni na ya shule ya kutwa. Utangulizi msiuguse bado. Andikeni vigezo vitatu na njia mtakayofuata. Baada ya dakika 5 nitapita dawati kwa dawati, na kila mmoja ataniambia kwa mdomo sentensi yake ya kwanza.