Ramani Inaishia Kwenye Karatasi

Habari za mchana, na karibuni. Mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo, nitakuwa nanyanyua michoro.

Dodoma hii ya makao makuu ilichorwa kabla ya kujengwa. Uamuzi wa kuhamia hapa ulipitishwa mwaka 1973, na mpango kabambe wa kwanza ukatoka 1976, ukiwa umeandaliwa na Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Enzi zile mchoraji alitandika karatasi mezani kwanza, akaamua skeli, ndipo akashika kalamu. Hakuwa na njia nyingine. Leo kijana anafungua AutoCAD, programu ya kuchorea, anachora nyumba kwa vipimo vyake halisi kwenye uwanja usio na mwisho, na habari ya karatasi anaikumbuka saa kumi jioni akiwa kaunta ya stesheneri, foleni iko nyuma yake. Nimekuja kuomba jambo moja tu: karatasi irudi kuwa swali la kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu msomaji wa mchoro wenu hayupo ofisini. Yuko saiti, Nzuguni au Iyumbu, upepo unavuma, mchoro kaubana kwa tofali pembe nne, na mikono yake ina saruji. Hawezi kukuza kwa kidole. Alichopewa ndicho hicho.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu, mita 12.4 kwa mita 9.6, na tuiweke kwenye A3, karatasi ambayo ni rahisi kuitoa na rahisi kuishika. A3 ni milimita 420 kwa 297. Toeni pambizo: kiwango cha ISO 5457 kinataka milimita 20 kushoto, upande wa kutobolea ili mchoro uingie kwenye faili, na 10 pande nyingine tatu. Tunabaki na 390 kwa 277. Kwa skeli ya 1:50, yaani milimita moja ya karatasi ni milimita 50 za nyumba, nyumba yetu ni milimita 248 kwa 192. Inaenea, eti? Bado haijavikwa vipimo. Mstari wa vipimo vya jumla, wa kuta, na wa milango na madirisha, vyote vitatu vinakula kama milimita 30 kila upande. Sasa tuna 308 kwa 252. Halafu kuna kisanduku cha jina, kile kinachoandikwa jina la mradi: kwa viwango vya kimataifa kina upana wa milimita 180 na kinakaa kona ya chini kulia. Tukikipa kimo cha 40, juu yake inabaki 237. Vipimo vya chini vya nyumba vinakiparamia.

Wengi wakikwama hapa wanashusha skeli kidogo kidogo mpaka picha iingie, wanaishia na 1:63, skeli ambayo haipo kwenye rula ya mtu yeyote duniani. Msifanye hivyo. Simamisheni kisanduku kiwe utepe upande wa kulia, upana 75. Jumlisheni: 308 na 75 ni 383, na tunayo 390. Milimita saba zimebaki, na 1:50 yetu haijaguswa. Hesabu hii ni ya dakika tano na haihitaji hata kompyuta. Ifanyeni kabla ya kuchora ukuta wa kwanza.

Kisanduku kukaa kulia chini si urembo wa wakoloni, kama kijana mmoja alivyowahi kuniambia. A1, ile karatasi kubwa, ikikunjwa vizuri inakuwa saizi ya A4, na kona hiyo ndiyo inayobaki usoni. Karani wa masijala anasoma jina la mradi bila kukunjua chochote.

Kwenye programu yenyewe nitapita haraka, maana mnaijua. Nyumba inachorwa kwa ukubwa wake halisi. Ukurasa wa kuchapa nao uwe kwa ukubwa wake halisi, 420 kwa 297. Kati yao mnafungua dirisha la kutazamia nyumba (viewport), na skeli inapewa dirisha, si nyumba wala karatasi. Ukishaliwekea 1:50, lifunge kwa kufuli (lock). Usipolifunga kufuli, gurudumu la mausi likizungushwa bahati mbaya skeli inahama na hakuna kengele inayolia. Fremu ya dirisha iwekeni kwenye leya, yaani tabaka la mchoro, isiyochapwa, la sivyo kila mchoro utatoka na boksi ambalo fundi atauliza ni ukuta wa nini.

Herufi sasa. Kwenye karatasi herufi ya vipimo isipungue milimita 2.5. Hiyo kwa 1:50 ni herufi ya milimita 125 upande wa nyumba, na kwa 1:100 ni 250. Lakini muulizeni mteja: mchoro utapunguzwa? Hapa mjini A1 inatolewa moja, halafu kopi za A3 zinasambazwa saiti. A1 kwenda A3 ni nusu kamili, kwa hiyo 2.5 yako inakuwa 1.25, na kwa jua la saa saba nani ataisoma? Ukijua itapunguzwa, andika kwa 5 tangu mwanzo.

Na skeli je? Mchoro wa 1:100 kwenye A1 unakuwa 1:200 kwenye A3, ila maandishi bado yanasema 1:100. Yanadanganya, na mwenye rula anaamini. Andikeni skeli pamoja na jina la karatasi, "1:100 kwa A1", na kando yake wekeni skeli ya mstari, ile iliyogawanywa mita kwa mita. Yenyewe inapungua sambamba na mchoro, kwa hiyo haidanganyi hata ikitolewa kopi ya A4 kutoka A3, ambako 1:100 inakuwa karibu 1:141.

Dira ina ugonjwa wake. Watu wanarithi kisanduku cha kazi ya zamani pamoja na mshale wa kaskazini, na kila kiwanja cha Dodoma kinajikuta kinatazama upande mmoja. Ukizungusha plani ili ikae vizuri kwenye karatasi, mshale uzunguke nao. Na kwenye plani ya kiwanja yenye majiranukta, namba zinazoonyesha mahali, andikeni kanda ya UTM, ule mfumo wa ramani unaoigawa dunia kanda kwa kanda. Mstari wa longitudo 36 unakata mkoa wetu: Dodoma mjini ipo kanda ya 36, Mpwapwa na Kongwa zipo ya 37. Namba tupu bila kanda haimwambii mpimaji kitu.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kupanga kurasa zikubaliane. Plani ya msingi, ya sakafu na ya paa zikae mahali palepale kwenye kila karatasi, kwa skeli ileile. Fundi atazibananisha mbili, atazielekeza kwenye jua, na nguzo isiyokaa juu ya nguzo ataiona palepale. Jua tunalo la kutosha.

Mwisho ni kaunta. Pelekeni PDF, si faili la kuchorea, na kwenye dirisha la kuchapa hakikisheni ni asilimia 100, si lile chaguo la kutosheleza karatasi. Pembeni ya fremu chorea mstari wa milimita 100. Nakala ya kwanza ikitoka, toa rula mfukoni uupime palepale. Ukikuta 97, usilipe bado, mwambie arudie.